Mtani akipenda kweli, nani atamwamini?

Filamu zetu za mapenzi ya chuoni huchoka mapema kwa sababu moja: kinachowatenganisha wapenzi hutoka nje ya chuo. Baba tajiri hamtaki kijana maskini. Mganga anaingizwa hadithi ikiwa katikati. Au binti anapata mwanaume mwenye gari, kijana anabaki analia kwenye mvua. Viondoe vikwazo hivyo uone: wale wawili hawana sababu yoyote ya kutochumbiana kesho asubuhi. Mwandishi naye analijua hilo, ndiyo maana anaongeza ajali.

Kwangu mimi, wazo la komedi ya mapenzi lipimwe kwa swali moja kabla ya kuandika hata onesho la kwanza. Je, kinachowakutanisha hawa wawili ndicho hichohicho kinachowazuia? Ikiwa ndicho, vichekesho vinakuja vyenyewe. Ikiwa sicho, utalazimika kumtafuta rafiki mropokaji wa kuwachekesha watu pembeni wakati mapenzi yanaendelea bila kuchekesha.

Wazo ninalolifanyia kazi sasa limetoka Bagamoyo. Pale ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ambako vijana wa mikoa mbalimbali hujifunza ngoma, maigizo, muziki na sarakasi. Chuo cha kwenye muswada nitakibuni, nikipe jina lake, lakini bahari na minazi nitaiazima palepale. Na kabla ya chuo, mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora, zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walifika pwani na pembe za ndovu mabegani, wakaishi na wenyeji, na kutokana na safari hizo ukakua utani ambao Mzaramo na Mnyamwezi wanauendeleza mpaka leo popote wanapokutana.

Sasa tazama. Kijana wa Kinyamwezi anafika chuoni kutoka Tabora. Siku ya usajili anamkuta binti wa Kizaramo kwenye foleni, wanaulizana kwao wapi, na kuanzia dakika ile anamwita "mke wangu". Haki yake, ni mtani. Binti naye anamnyang'anya chapati kantini, haki yake pia. Mwaka wa kwanza unaisha hivyo, wa pili unafika. Siku anapompenda kweli, hana neno lililobaki. Kila anachotaka kumwambia alishakisema mbele ya darasa zima, na watu wakacheka.

Hapo sihitaji tajiri wala mganga. Kila hatua ya uungwana anayoijua kijana inageuka mzaha mikononi mwake. Anatuma mshenga na barua ya posa, fedha imefungwa kwenye leso kama inavyotakiwa. Wazee wa kike wanacheka mpaka wanashika mbavu: "Mtani katuletea barua!" Mjomba wa binti, ambaye kwa Wazaramo sauti yake katika ndoa ni nzito, anajibu kwa sauti ya kimtani kwamba mahari wanaipokea, ila iletwe kwa miguu, kichwani, kama walivyofanya babu zake.

Halafu kuna msiba. Najua wapo watakaosema komedi haiingii msibani. Wamesahau misiba yetu. Mtani msibani ana kazi: anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, anawachekesha wafiwa pale wanapoona haiwezekani kucheka tena. Babu wa binti anafariki, na kijana, kwa upendo, anakaa kimya kwa heshima kama mkwe. Bibi anamwita: "Wewe Mnyamwezi, mume wangu hakustahili kutaniwa?" Ukimya wake umekuwa tusi. Inabidi asimame, amtanie babu wa mwanamke anayempenda, machozi yakimtoka, na amtanie vizuri. Onesho hilo peke yake linanitosha kuendelea kuandika.

Lipo jambo moja lililonisumbua, nalo ni ule utani wa kuitana watumwa. Kwingine watu hucheka wakapita. Bagamoyo, ambako misafara hiyohiyo ilileta watu waliofungwa minyororo, siwezi kuupitisha hivihivi. Sitaufuta. Kijana atautamka ndani ya ua wa Caravanserai, jengo la kale la kupokelea misafara, binti hatajibu, na kwa mara ya kwanza watatembea kurudi hosteli bila kutaniana.

Nimeshauriwa pia niweke mhadhiri anayempenda mwanafunzi, eti ndiyo mapenzi ya chuo yanayouza. Nakataa kabisa. Mwenye maksi mkononi akimtaka anayezihitaji, hiyo si komedi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaihesabu kuwa kosa. Mabinti wetu wameumizwa vya kutosha na jambo hili, wasiletewe kama kichekesho.

Binti mwenyewe lazima awe na lake. Anataka kukaa nyuma ya ngoma kubwa, apige, si kucheza mbele tu, na onesho la kumaliza chuo ndiyo nafasi yake. Kijana ndiye anayeshindana naye kwa ngoma ileile. Bila hilo angekuwa mtu wa kungojea kuposwa tu, na filamu isingekuwa na nusu yake ya pili.

Mwisho nimeshauamua. Yale ya mjomba yalikuwa utani, lakini kijana anayatii. Kutoka Tabora yote haiwezekani, mitihani inamsubiri. Basi linamshusha Chalinze, anapanda gari jingine hadi Msata, na kuanzia hapo ni kilomita 64 za lami mpaka Bagamoyo, mzigo kichwani, bodaboda zikimpigia honi. Mjomba anapigiwa simu na haamini. Binti anaamini. Anakodi bodaboda, anamkuta njiani, anaupima mzigo kwa mkono na kumwambia babu zake walibeba mzito zaidi ya huo.