Niiteni Mututho tu, nishazoea

Watu wakisikia unafanya kazi ya kukagua mabaa wanadhani ni raha tupu. Ati unaingia, unavutiwa kiti, unaletewa mbavu za mbuzi na kachumbari, alafu unatoka na bahasha. Wee! Mimi bahasha pekee nimewahi kupewa ndani ya baa ilikuwa ya mchango wa mazishi, na nilitakiwa kuweka pesa si kutoa. Nikaweka mia mbili. Wakaandika kwa daftari "Mututho 200" na wakapiga makofi.

Hilo Mututho si jina langu. Jina langu zuri tu, nilibatizwa nalo huko Vihiga na kanisa lilijaa. Lakini tangu nianze hii kazi hapa Nakuru hakuna anayelijua tena. Sheria ya pombe ilipita mwaka wa 2010 na aliyeipeleka bungeni ni John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, hapo mbele tu ukishapita Gilgil, kwa hivyo watu wa huku wanaihesabu kama shida ya nyumbani. Mheshimiwa alipeleka mswada ukapita, akaendelea na maisha yake, lakini mtu wa kusimama mlangoni kwa baa saa kumi jioni akitukanwa ni mimi. Bibi yangu sokoni wanamwita Mama Mututho. Juzi kijana wangu wa darasa la tatu ameandika kwa kitabu cha kazi ya nyumbani, jina la baba: Mututho. Mwalimu akaweka tiki.

Silaha zangu ni mbili, saa na tepu. Saa nilinunua mwenyewe kwa mtu wa mkokoteni, shilingi mia tatu, inakimbia mbele dakika tatu na hiyo habari walevi wote wa Nakuru wanayo. Tepu ni ya jirani yangu fundi mwashi, mita thelathini, na kila nikiwa katikati ya opareshen ananipigia simu, "Mututho rudisha tepu yangu, nina msingi wa kupima Lanet."

Tepu ni ya nini? Sheria inasema baa ikae angalau mita 300 kutoka shule, na si shule kubwa peke yake, hata ile ya chekechea. Sasa nyinyi mnaujua huu mtaa wetu wa Kaptembwo? Kaptembwo ukitupa jiwe likikosa kugonga baa litagonga chekechea, na likikosa vyote viwili litagonga kanisa. Hebu niambie hizo mita 300 mtu anazitoa wapi.

Basi kuna siku tulipata barua, baa fulani iko karibu na shule ya watoto, wazazi hawalali. Mwenzangu alikuwa mgonjwa, (mgonjwa wa Jumatatu, mnauelewa) nikaenda peke yangu. Na tepu ya mita thelathini haishikwi na mtu mmoja. Nikatafuta wa kunishikia ile ncha nyingine, nikapata mzee mmoja amekaa kwa kivuli, nadhifu, koti safi, nikamwambia baba nisaidie dakika kumi tu. Akakubali haraka mno, hapo ndio ningeshtuka. Tukaanza kwa geti la shule. Thelathini. Sitini. Tisini. Watoto wametoka wote wameshika ua wanahesabu na sisi kwa sauti, mwalimu wao anafurahi hesabu imepata mfano. Lakini nikaona kitu hakieleweki, maanake kila nikiinama kuweka alama na chaki, nikiinuka huyu mzee ameshasonga hatua mbili kurudi kule shuleni. Nikamuuliza, mzee wangu, mbona unatembea? Akaniambia miguu ina gauti haitulii. Kumbe ni mteja wa hiyo baa tangu ifunguliwe! Gauti yake ilikuwa inatafuta mita 300.

Tukarudia mwanzo. Safari hii nikamfunga ncha ya tepu kwa kifungo cha koti. 291.

Mwenye baa akatoka na fulana ya ndani na mswaki mdomoni, saa sita mchana. Akaniuliza, "Mkubwa, umepima kutoka wapi?" Nikamwambia geti. Akacheka. "Kwani watoto wanasomea kwa geti?" Nikajiuliza, ala, si ni kweli. Tukapima kutoka mlango wa darasa ikawa 303. Kabla sijaandika mwalimu mkuu akaja mbio, mama mnene wa heshima, miwani kwa kamba, akasema bembea iko hapa kando ya geti na bembea ni sehemu ya masomo. Tukarudi kwa 291. Mwenye baa akaniambia nisubiri, akaingia ndani, nikasikia nyundo. Akafunga mlango wa mbele kwa mbao akafungua mwingine nyuma, mteja anazunguka anapitia kando ya choo. Pima sasa! Nikapima. 302. Watoto wakapiga makofi, nafikiri walikuwa upande wa baa.

Nikamwambia mwalimu, madam, kwa sheria hapa sina la kufanya, mlango umehama. Akanivuta kando, akashusha miwani, akasema, "Kijana wangu, barua niliandika mimi. Huyo mwenye baa ni bwanangu."

Nilikaa chini. Na nilikokaa, sikuwa nimeangalia, ni kwa kreti ya bia imepakwa rangi ya manjano na imechorwa sungura. Madawati yote ya ile chekechea ni kreti za bia. Chaki zinatoka kwa faida ya baa, chati ya a e i o u inatoka kwa baa, hata kengele ni chuma cha stuli ya kaunta. Nikimfungia mzee, shule haina mwezi mmoja. Nikasema shule ndio ihame, basi baa iko huru lakini hao watoto waende wapi? Nikamuuliza sasa mama unataka nini hasa. Akasema, "Sitaki ufunge. Nataka tu umtishe awe anakuja nyumbani na njaa." Kwa sababu mzee anakulia nyama choma kule kule, yeye anapika ugali na sukuma unalala kwa sufuria. Hiyo ripoti niliiandika usiku mzima. Mwisho nikaweka lile neno linalotuokoa sisi watu wa serikali sote, "inahitaji uchunguzi zaidi", na bado inahitaji.

Saa nazo ni balaa lake. Jumatatu hadi Ijumaa baa inafungua saa kumi na moja jioni, Jumamosi, Jumapili na sikukuu saa nane mchana, na siku zote saa tano usiku kila mtu aende kwao. Rahisi, sivyo? Mtoto angeelewa. Lakini tangu Nakuru ipandishwe iwe jiji, Desemba 2021, kila ukimwambia mtu saa tano imefika anakujibu, "Ofisa, jiji halilali." Mtu anaishi Ponda Mali, nyumba haina taa, ni jiji gani hilo lako halilali? Na hebu fikirieni mtaa wenyewe unaitwa Ponda Mali, alafu mimi natumwa huko kuwaambia watu waache kuponda mali. Si hata jina limeshanishinda kabla sijashuka kwa bodaboda.

Kisha kuna hawa wa leseni ya mkahawa. Kwa hiyo leseni pombe inauziwa mtu anayekula, ya kuteremshia chakula. Sawa. Niliingia kwa mmoja saa tano asubuhi nikakuta wanaume kumi na nne, chupa kumi na nne, na sahani moja ya chipsi. Nikauliza, hiki chakula ni cha nani? Wote wakasema changu. Nikagusa ile chipsi moja ya juu, ilikuwa baridi, ngumu kama msumari, naapa hiyo chipsi ilikuwa imefika hapo wiki iliyopita. Mhudumu akaniambia ndio kwanza imetoka jikoni. Nilipotoka nikachungulia dirishani, nikaiona inarudishwa kwa kabati na kufunikwa na kitambaa, kwa heshima kama ya sakramenti.

Chupa nazo lazima nizikague stempu ya ushuru, kuna ile programu ya KRA, wale watu wa ushuru, inaitwa Soma Label, unaelekeza simu kwa stempu inakuambia halali ama feki. Simu yangu bando huisha kila mara nikiwa kwa kaunta. Nikamuomba mwenye baa hotspot. Akanipa. Neno la siri lilikuwa "mututhoshenzi", herufi zote ndogo, na alinisomea polepole, moja moja, mbele ya wateja.

Hapo mtacheka lakini hiyo ya stempu mimi sifanyii mchezo. Kuna watu Mei 2014 walikunywa kitu chenye methanoli, kaunti kadhaa, wakafa wengi na wengine wakabaki hawaoni. Februari 2024 tena, Kirinyaga. Methanoli haina harufu ya kukuambia kimbia, inanukia pombe tu kama pombe nyingine, mtu anasema taa zimezimwa kumbe taa zinawaka. Kwa hivyo nikikumwagia chupa isiyo na stempu usinililie. Nilie mimi, nimewekwa kwa harufu hiyo siku nzima na nikipanda matatu jioni kondakta ananiambia mlevi kaa nyuma.

Na hapo ndipo tunafika kwa uchungu wangu wenyewe. Mimi nakunywa. Eeh, nakunywa, bia mbili Jumamosi, mtu mzima na mshahara wangu. Lakini nitakunywia wapi? Nikiingia baa yoyote kuanzia Free Area mpaka Shabab muziki unazimwa wenyewe. Wateja wanaweka glasi chini ya meza. Mama wa kaunta anaanza kunionyesha leseni, cheti cha afya, choo cha wanaume, choo cha wanawake, na mimi nimesema tu nipe moja ya baridi. Naletewa soda. Nikisema hapana, bia, wanaangaliana, wanajua ni mtego! Nilikunywa Fanta tatu Jumamosi moja nikiwasihi. Nikarudi nyumbani bibi akanusa, akaniuliza, kwani pesa zilienda wapi?

Nikasema basi, Krismasi nitaenda nyumbani Vihiga, huko hakuna anayenijua kwa kazi. Nafika nakuta wazee wamezunguka chungu, baba mdogo yuko hapo, kila mmoja na mrija wake mdomoni ile mirefu, nikasikia ile harufu tamu ya unga uliokaangwa na wimbi, mate yakanijaa. Waliponiona mirija sita ikatoka midomoni kwa pamoja. Nikasema hamjambo wazee wangu, mwakunywa nini? Baba mdogo, mtu aliyenilipia karo, akanitazama machoni akasema, "Uji."

Uji gani wa mrija wa mita mbili jamani? Na uji unafanya mtu amkumbatie adui yake wa shamba? Nikamwambia baba, nipe na mimi huo uji. Akasema umeisha. Chungu kinatoa povu! Alafu mzee mmoja kule nyuma, hata sijui ni wa ukoo upi, akasema taratibu, "Mwache apime kwanza, shule ya msingi iko hapo chini." Mikono ikapapasa mfukoni yenyewe, na kumbe tepu ya fundi nilikuwa nayo.

Sikupima. Lakini nilifikiria.

Kwa hivyo sasa siku hizi nimejua pahali pangu. Kuna baa moja Rhonda ina benchi nje, ya mbao, chini ya mti. Kuanzia saa kumi na nusu jioni wanaanza kuja mmoja mmoja, wa juakali na mafuta mikononi, wa nduthi, mwalimu mstaafu, yule mzee wa gauti naye amehamia huku. Wanakaa. Nami nakaa, kwa sababu kazi yangu ni kuhakikisha mlango haufunguki kabla ya wakati na yao ni hiyo hiyo, kuuangalia. Hatuna la kugombana saa hiyo. Tunaongea habari za mbolea, nani ameolewa, nani amekatiwa stima. Mwalimu mstaafu ndiye hunihifadhia nafasi, anaweka kofia.

Jana tulikuwa tisa. Jua limelala upande wa Barut, ndani mama wa kaunta anapanga glasi, tunasikia zinagongana, kling, kling, hakuna anayeongea tena. Mzee wa gauti akaniinamia.

"Mututho, ni saa ngapi?"

Nikaangalia. "Kumi na moja kamili."

Wote wakainuka nusu.

"Toa zile zako tatu," mwalimu akasema.

Nikatoa. Wakakaa.