Kuingia kwenye mfumo si kuukubali

Tafiti nyingi kuhusu kusoma kwa mtandao, wakati wowote na mahali popote, huegemea kielelezo alichokitoa mtafiti Fred Davis mwaka 1989: mtu huikubali teknolojia akiona inamfaa na haimsumbui kuitumia. Mwaka 2003 mtafiti Venkatesh na wenzake waliunganisha vielelezo vinane vya namna hiyo, wakaweka pia msukumo wa watu wanaomzunguka mtumiaji na mazingira wezeshi, na wakauliza kama mtu anatumia kwa hiari au kwa kulazimika.

Swali hilo la hiari ndilo vyuo vikuu hulikwepa. Zoezi lenye maksi likiwekwa kwenye mfumo wa chuo wa masomo ya mtandaoni, mwanafunzi ataingia, apende asipende. Ripoti inayojivunia idadi ya walioingia imepima ulazima.

Wanaounga mkono kusoma kwa mtandao wana hoja nzito, na mimi naikubali. Mwenye kazi ya zamu au mtoto mchanga hawezi kuwa ukumbini kila saa 4 asubuhi. Anayesoma kwa lugha asiyoizoea akiachwa njiani ndani ya ukumbi ndiyo basi. Kwenye video hurudisha nyuma dakika mbili akasikiliza tena, na hakuna wa kumcheka.

Wanaopinga nao hawabahatishi. “Wakati wowote” kwa wanafunzi wengi hugeuka kuwa wiki ya mtihani. Na video yenyewe huangaliwa kwa muda mfupi: uchambuzi wa kozi nne za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa muda wa kati (median) wa kutazama haukuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu namna gani. Lakini bado kuna mhadhara wa dakika 90 unaorekodiwa na kupakiwa mzimamzima, kisha wanafunzi wanaitwa wavivu.

“Mahali popote” nako kuna hesabu yake. Video inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde hula takribani megabaiti 450 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hula kama megabaiti 14. Somo la historia au sheria linaweza kutolewa kwa sauti na slaidi za PDF bila kupoteza kitu. La upasuaji haliwezi. Mhadhiri asiyetoa faili la kupakua humlazimisha mwanafunzi kulipia bando upya kila anaporudia somo.

Panapoharibika zaidi ni kwenye majaribio. Jaribio linafunguliwa saa 8 mchana kwa dakika 30, darasa zima kwa pamoja. Hapo wakati wowote umeshakufa. Mtandao ukikatika, saa ya jaribio haisimami. Kwenye Moodle, mojawapo ya mifumo hiyo ya masomo, mpangilio wa kawaida huhifadhi majibu kila dakika moja na kuyawasilisha wenyewe muda ukiisha; lakini mhadhiri akichagua ule unaomtaka mwanafunzi awasilishe mwenyewe kabla ya muda kwisha, jaribio la aliyekatikiwa halihesabiwi ilhali majibu yake yamo. Ni kisanduku kimoja tu cha kuchagua. Njia nafuu ni kuliacha jaribio wazi kwa saa 72, kila mtu apewe dakika 40 tangu anapolianza, na maswali 10 yachotwe kutoka benki ya maswali 60. Kuibiana majibu hakuishi, ila kunapungua.

Wahadhiri wanaosita huandikwa kuwa wanaogopa mabadiliko. Baadhi yao ni kweli. Wengine wamepiga hesabu tu: darasa la watu 200, kila mmoja akituma swali moja kwa wiki linalohitaji dakika 3 kujibiwa, ni saa 10, nyingi zikiangukia usiku na mwisho wa juma. Kwenye ratiba rasmi, somo hilo bado linahesabiwa kuwa la vipindi viwili kwa wiki.