Masista wa ndani wasitoke getini

Anayetaka kuandika hadithi ya masista wa ndani, yaani watawa Wakatoliki wanaoishi nyuma ya ukuta bila kutoka, wenye nguvu za ajabu, wanaoishi kimyakimya katika jiji kama Dodoma, atashawishika kumpandisha sista mmoja juu ya paa la stesheni ya SGR usiku wa manane, shela ikipepea, apigane na jini. Napinga. Ukishamtoa getini umebaki na askari aliyevaa shela, na hadithi za askari tunazo tele. Nguvu ya mtawa wa ndani lazima itoke kwenye yale yale yanayomfunga: ukuta, kengele na nadhiri. Akiweza kupita ukutani kila apendapo, huo ukuta ulijengwa wa nini?

Tuanze na idadi, maana hapo ndipo waandishi wengi wangeharibu kazi. Monasteri ya kike si ngome yenye masista mia. Kwa mujibu wa Cor Orans, mwongozo uliotolewa na Vatikani mwaka 2018, nyumba mpya huanzishwa na watawa wasiopungua watano, watatu kati yao wakiwa na nadhiri za daima. Ili ijitegemee inahitaji wanane wa nadhiri za daima. Wakishapungua hadi watano, wanapoteza haki ya kujichagulia mkuu wao.

Hapo umepewa mfumo mzima wa uchawi bila kulipia. Kinga ya jiji iwe na nyuzi nane, kila uzi umeshikwa na sista mmoja wa nadhiri za daima, mwenye kura katika mambo ya nyumba. Novisi, yaani mwanafunzi wa utawa, hawezi kuushika, hata awe na kipaji gani. Bibi wa miaka themanini na kitu akifariki kwa kifua mwezi Julai, upepo wa Dodoma ukivuma baridi na vumbi, uzi wake haurithiwi siku hiyo hiyo. Wakibaki watano, mkuu wao anateuliwa kutoka nje, mtu ambaye ukuta haumjui. Adui mwenye akili hatavunja geti. Atasubiri wazee wafe, halafu aje na barua yenye mhuri.

Usije pia ukamfanya binti wa miaka kumi na tisa awe bingwa ndani ya miezi sita. Malezi ya mtawa wa ndani hayapungui miaka tisa: mwaka mmoja angalau wa uaspiranti, yaani kuyajaribu maisha hayo, mwingine wa upostulanti, yaani kujiandaa kwa unovisi, miwili ya unovisi wenyewe, kisha mitano ya nadhiri za muda. Hadithi yenye haraka imchukue aliye mwaka wa nane. Huyo anajua karibu kila kitu na bado hana kura, kwa hiyo anaona kosa likifanyika mezani na hawezi kusema lolote rasmi.

Ratiba nayo ifanye kazi. Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa wa karne ya 6, ina saa za kuamka za majira ya baridi na za kiangazi, kwa sababu Ulaya usiku hurefuka na kufupika sana. Dodoma iko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka ni dakika arobaini hivi. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, ukiondoa dakika chache huku na kule. Basi Masifu ya Asubuhi yanakuwa saa ile ile mwaka mzima, na kinga inahuishwa saa ile ile. Hiyo ni nguvu, lakini ni tundu pia, kwa kuwa anayetaka kudhuru anaijua saa kama wao wanavyoijua. Muda dhaifu kuliko wote ni baada ya Sala ya Kulala, kimya kikuu kinapoanza, mpaka waamke kwa Kipindi cha Masomo, sala yao ya usiku.

Zaburi huimbwa kwa pande mbili, upande huu unatoa shairi na ule unajibu. Weka uchawi hapo. Shairi lililojibiwa linafunga, na lisilojibiwa linabaki wazi. Wakiwa wanane ni wanne kwa wanne. Wawili wakiugua upande mmoja, Abesi, mkuu wa nyumba, ahamishe mtu, na aliyehamishwa anaimba mashairi ambayo koo lake halijazoea. Makosa madogo ya namna hii yana hofu nyingi kuliko jini lenye pembe.

Sasa maji. Ukiandika Dodoma bila maji umeandika mji mwingine. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji ya jiji imetegemea visima vya Mzakwe upande wa kaskazini. Kanuni ya Benedikto inataka maji, kinu na bustani viwe ndani ya ukuta, ili mtawa asiwe na sababu ya kutangatanga nje. Piga hesabu. Watawa kumi na watatu, ukihesabu manovisi, kwa lita 40 kila mmoja kwa siku, ni lita 520. Paa la mita za mraba 300 kwa mvua hiyo linapokea lita 165,000. Ondoa moja ya tano kwa maji yanayopotea kwenye mifereji na yale machafu ya mvua za kwanza, zibaki 132,000. Hizo ni siku 253. Kiangazi cha Mei hadi Novemba kina siku 214, sawa na lita zaidi kidogo ya 111,000, kwa hiyo tangi la chini ya ardhi la mita 7 kwa 5.5, kina mita 3, linatosha kwa kunywa, kupika na kufua, mradi miezi ya mvua watumie maji ya bomba ili tangi liachwe lijae. Haliachi tone la bustani wala la mizabibu.

Kwa nini nasumbuka na hesabu hizi? Kwa sababu zinamlazimisha mwandishi kuamua uchawi unalipwa na nini. Ningeulipisha maji. Kufunga uzi mmoja uliokatika kunakausha lita 2,000 tangini, karibu siku nne za nyumba nzima. Desemba hakuna atakayeona. Oktoba, Abesi anachagua kati ya kinga ya jiji na sista mgonjwa anayehitaji kuogeshwa. Msomaji wa Dodoma atauelewa uchaguzi huo bila kuelezwa.

Fedha wanapata wapi? Kazi ya mikono ambayo monasteri nyingi hufanya ni hostia, mkate mwembamba wa Misa, na Dodoma inaongeza zabibu. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inataka mkate wa ngano tupu uliotengenezwa karibuni, na divai ya zabibu isiyoharibika. Hostia ni unga na maji tu, uji mwepesi unaobanwa kati ya bamba mbili za moto. Karatasi zake zikitoka ni kavu kabisa, na ukizikata hapo hapo zinapasuka, kwa hiyo hulazwa mahali penye unyevu kwanza. Kwa hewa ya Dodoma ya Septemba, anayekosea hatua hiyo anaishia na makombo. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mizabibu ikikatwa matawi kabla ya kila msimu. Mizabibu ndani ya ukuta inakupa vibarua, madawa, mnunuzi anayechelewesha malipo, yaani kila sababu ya watu wa nje kulikaribia geti.

Getini wapo masista wa nje, wanaonunua umeme wa LUKU na kubishana na bodaboda. Vitu huingia kwa kabati la mbao linalozunguka ndani ya ukuta, kiasi kwamba anayepokea na anayetoa hawaonani. Kabati hilo nalipenda kuliko upanga wowote wa kichawi. Weka kitu, zungusha, hujui mkono gani umekipokea.

Nguvu yenyewe isiwe ya kuazima. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wana desturi ya zamani: nchi ikichafuka, mvua ikikataa na maradhi yakizidi, wanawake walivaa nguo za wanaume, wakashika uchungaji wa ng'ombe na kucheza hadi mipakani kwenda kuutupa uchafu nje ya nchi. Ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, imebanwa mapajani. Hapo kuna wanawake wanaosafisha nchi kwa pamoja, kwa mwili na kwa mdundo, bila fimbo wala mwanga wa kijani. Tofauti ni kwamba wale walikwenda mpakani, na hawa hawatoki. Kwa hiyo uchafu lazima uletwe kwao, kwa lile kabati. Nani anauleta, na kwa malipo gani, hiyo ni riwaya tayari.

Ofisi zisisahauliwe, hili ni jiji la serikali. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928 na haijaandika popote kwamba shela ni kinga. Viwanja vilisimamiwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuanzia 1973 mpaka ilipovunjwa 2017, na hati zake zilikuwa za miaka 33. Fikiria nadhiri ya daima juu ya kiwanja cha miaka 33.

Na wakati wa kuwatoa upo, mmoja tu ninaoukubali. Kanuni za Kanisa zinaruhusu mtawa wa ndani kutoka kwa ajili ya afya na kwa ajili ya haki zake za kiraia, kura ikiwemo. Uchaguzi mkuu ni kila baada ya miaka mitano, Oktoba, tangi likikaribia kuisha. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, baada ya Masifu ya Asubuhi na kabla ya yale ya Jioni. Waende wawili wawili kwa zamu, nyuzi sita zikibaki mikononi. Foleni ya shuleni inasimama, kalamu ya wino inaleta shida, wawili wa kwanza hawajarudi na wawili wa pili wameshavaa viatu. Sura hiyo ningeiandika kwanza, halafu ndipo nirudi nyuma kuanza kitabu.