Jina la Giza Halina Kosa, Kosa ni la Herufi

Anayedhani kumwita mtoto Raven, yaani kunguru kwa Kiingereza, ni ukichaa wa vijana wa Njiro, Arusha, asisahau kwamba akina Shida, Tabu, Mateso na Masumbuko wamejaa mitaani, tena wengine wana wajukuu. Mara nyingi jina la namna hiyo lilibeba taarifa: mimba ilisumbua, au waliotangulia walizikwa. Raheli akikata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo akambadilisha papo hapo kuwa Benyamini. Na Dolores, jina ambalo Wakatoliki hawalishangai, maana yake ni huzuni tupu.

Kinachowaponza wazazi ni herufi. Raven hospitalini huandikwa jinsi nesi alivyosikia, Reveni. Kadi ya kliniki ikasema Ravin. Tofauti hiyo hulala kimya miaka mingi, hadi fomu za mtihani na kitambulisho cha NIDA, ndipo safari za kwa wakili zinapoanza. Andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla ya uchungu, mpe nesi, usome tangazo la kizazi kabla ya kutoka wodini, kisha usajili ndani ya siku 90. Ule ushauri wa mitandaoni kwamba jina zito likae katikati haufai kwetu. Katikati ni kwa baba.

Kwa Wakatoliki kuna paroko pia. Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa inakataza jina lisilopatana na hisia za Kikristo. Lilith, pepo wa kike wa ngano za Kiyahudi, atakwama. Damien, anayeogopwa kwa sababu ya mtoto wa shetani katika sinema ya The Omen, anapita bila swali: Padre Damien aliyehudumia wakoma katika kisiwa cha Molokai, Hawaii, alitangazwa mtakatifu mwaka 2009.

Mbwa ndiye wa kumalizia hamu ya giza. Silabi mbili zinatosha, na zisifanane na amri: Kala atachanganya na "kaa". Giza ni jina zuri. Litamke mara moja, akigeuka mpe dagaa hapo hapo. Mara kumi asubuhi, kumi jioni, kwa wiki. Usimgombeze kwa jina hilo, atajifunza kulikimbia. Mauti liache, maana utaliita getini saa tatu usiku na jirani ana turubai la msiba. Paka mweusi naye usimwite Jini. Kuku wa kwanza akipotea Majengo, mawe yatamfuata yeye.