Utafiti wa upasuaji Lamu na Malindi: tuupokee, lakini kwa masharti yetu

Mwaka 2015 madaktari wa Finland walitoa matokeo yaliyotikisa kanuni ya zaidi ya miaka mia, kwamba kidole tumbo kikivimba dawa yake ni kisu. Waliwagawa wagonjwa 530 kwa kura: wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa antibiotiki peke yake. Karibu watatu kati ya kila wanne waliopewa dawa walimaliza mwaka bila kupasuliwa, ingawa kufikia mwaka wa tano ugonjwa ulikuwa umewarudia takriban wanne kati ya kumi. Jaribio la Marekani la mwaka 2020, lenye wagonjwa 1,552, liliona kwamba asilimia 29 ya waliopewa dawa walikuwa wamepasuliwa ndani ya siku 90.

Sasa mchukue mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate. Kila mgonjwa wa Finland alipigwa CT skani (picha ya ndani ya mwili) kwanza, kuhakikisha kidole tumbo hakijatoboka wala hakina kijiwe ndani. Kisha alilazwa siku tatu akipewa dawa ya mshipani. Mvuvi wetu ana vidole vya klinikali ofisa vinavyobonyeza tumbo upande wa kulia, ana boti ya kumvusha hadi Amu (mji wa Lamu), na ana kusi la mwezi wa saba. Kwake antibiotiki huenda ikawa nafuu kubwa, imshikilie mpaka bahari itulie. Huenda pia ikamhadaa: maumivu yapungue, arudi kwenye nyavu, huku usaha unatunga tumboni. Ni lipi kati ya hayo mawili hutokea zaidi kwa watu kama yeye? Jaribio la Finland haliwezi kujibu, kwa sababu watu kama yeye hawakuwemo.

Hapo ndipo ulipo mjadala ninaotaka kuupima. Je, hospitali za ukubwa wa King Fahd ya Lamu au ile ya Malindi zifungue milango kwa utafiti wa upasuaji, dawa za usingizi na maradhi ya tumbo? Au zisubiri kwanza zipate wataalamu, oksijeni na damu ya kutosha? Mimi naegemea upande wa kufungua. Hata hivyo, wanaosema tusubiri wana hoja ambazo watetezi wa utafiti huziruka haraka mno.

Wanaounga mkono wana ushahidi wa nyumbani kabisa, kutoka Kilifi. Kwa miaka mingi miongozo ya tiba ilielekeza kwamba mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono baridi na mzunguko wa damu uliodhoofika amiminiwe maji ya mshipani kwa kasi. Ni wachache walioona haja ya kulihoji. Watafiti walioongozwa kutoka Kilifi wakalijaribu jambo hilo kwa watoto zaidi ya 3,100 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto wa kuharisha hawakuingizwa, maana upungufu wao wa maji ni jambo lingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki kama asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji kwa kasi, na asilimia 7.3 ya ambao hawakumiminiwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Bila wazazi waliokubali watoto wao waingie, tungeendelea kupoteza watoto kwa tiba tuliyoipa kwa nia njema, na hakuna daktari wa London ambaye angegundua, kwa sababu watoto wa London hufikishwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi vyenye mashine za kuwapumulia.

Maradhi ya tumbo nayo yana somo la aina hiyo. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, huokoa majeruhi wanaovuja damu na akina mama wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Wengi wakaona basi itawafaa pia wanaotapika damu au wanaopata choo cheusi. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 12,009 katika nchi 15, matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha haikupunguza vifo, na damu kuganda ndani ya mishipa kuliongezeka.

Kuna pia faida ya mfuko, na katika kaunti zetu hili si jambo dogo. Jaribio lililofanywa katika nchi saba, zikiwemo Ghana, Nigeria, Rwanda na Benin, na kuchapishwa mwaka 2021, lililinganisha dawa mbili za kupaka ngozi kabla ya kupasua, na nyuzi zilizopakwa dawa dhidi ya nyuzi za kawaida. Wagonjwa walikuwa 5,788. Tofauti ya maana haikuonekana. Hospitali inayotumia ayodini, moja ya dawa hizo mbili, na uzi wa kawaida haimpunji mgonjwa wake, na mnunuzi wa kaunti ana jibu la kumpa wakala anayekuja na katalogi ya nyuzi ghali.

Mwaka uliofuata, katika nchi hizo hizo saba, likaja jaribio la pili: kabla ya kufunga tumbo, timu yote ibadili glavu na itumie vyombo vipya vilivyotakaswa. Kati ya wagonjwa zaidi ya 13,000, vidonda vilivyoingia usaha vilishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Ukilisoma hivi unaona ni jambo jepesi mno. Lakini ingia chumba cha upasuaji cha hospitali ndogo. Saa nane za usiku, utumbo umeshashonwa, tumbo limeoshwa kwa maji ya chumvi, na nesi wa vyombo anatazama mezani. Seti ya pili imetumika jioni kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji. Imo ndani ya mashine ya mvuke, na umeme ulikatika mzunguko ukiwa nusu. Glavu anaweza kubadili. Koleo na mkasi je? Matokeo ni ya kweli kabisa, na kwake bado hayatekelezeki mpaka mtu anunue seti nyingine.

Wanaosema tusubiri husimama papo hapo, na takwimu ziko upande wao. Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache kuliko wagonjwa wa kwingineko, lakini vifo vyao vilikuwa mara dufu ya wastani wa dunia: asilimia 2.1. Vifo 94 kati ya kila 100 vilitokea baada ya siku ya upasuaji, mgonjwa akiwa ameshatolewa thieta. Wataalamu wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja walikuwa 0.7 kwa kila watu 100,000, ilhali kiwango kilichopendekezwa na tume ya kimataifa ya mwaka 2015 ni 20. Kwa hiyo wanauliza: mtaalamu wa usingizi akiwa ni mmoja zamu nzima, mnamtoaje pembeni ya kichwa cha mgonjwa akajaze fomu?

Hoja yao ilipata nguvu zaidi mwaka 2021. Watafiti hao wa Afrika walijaribu suluhisho la tatizo walilolibaini: mgonjwa aliye hatarini atambuliwe mapema, kitanda chake kiwekwe mbele ya macho ya manesi, apimwe mara nyingi zaidi, na ndugu aruhusiwe kukaa naye. Hospitali 332 zilishiriki, na wagonjwa karibu 29,000. Vifo havikupungua. Anayepinga anasema tuliambiwa tangu mwanzo kwamba nesi mmoja mwenye wagonjwa arobaini hazai nesi wa pili kwa kupewa mwongozo. Nakubaliana naye kuhusu sababu, sikubaliani naye kuhusu hitimisho. Bila jaribio hilo, mwongozo ungechapwa, ungebandikwa ukutani kila wodi, na viongozi wangesema tatizo limeshughulikiwa. Sasa anayedai manesi zaidi ana ushahidi mkononi.

Ridhaa ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Mtu aliyejikunja kwa maumivu anaambiwa kuna utafiti, anasomewa kurasa kadhaa, anawekewa wino kwenye kidole gumba. Je, anajua anaweza kukataa na bado akapasuliwa? Pwani hii ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, wanaosemekana kunyonya watu damu, na hofu ya damu inayochukuliwa ilijitokeza wazi katika miaka ya mwanzo ya utafiti wa Kilifi. Haikuwa ujinga. Watu waliona chupa zikijazwa na gari likiondoka, na hawakuelezwa damu inakwenda wapi. Kilifi walijifunza kukaa na wanavijiji, kuwa na wawakilishi waliochaguliwa na vijiji vyenyewe, na kurejesha majibu. Utafiti wa upasuaji unahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu dharura haimpi mtu muda wa kwenda kumuuliza mjomba. Elimu itangulie: msikitini, kanisani, kliniki ya wajawazito, watu wakiwa wazima na wana nafasi ya kubisha.

Kwenye dawa za usingizi ningeweka breki kali zaidi. Magharibi mwa Kenya ulijaribiwa mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio wataalamu wa usingizi watumie ketamini, dawa ya usingizi, pale ambapo hakuna mtaalamu kabisa. Kwa mama wa Kiunga ambaye mtoto amekwama na boti haiwezi kutoka, naelewa mantiki yake, na ningependa ijaribiwe kwa uangalifu. Ila kinachoanzishwa kama cha dharura visiwani hugeuka haraka kuwa sababu ya kutoajiri. Sharti langu ni kwamba kaunti itangaze nafasi ya mtaalamu na kuijaza kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa.

Kama ingekuwa ni juu yangu, nisingeanza na jaribio la dawa hata kidogo. Ule utafiti wa mwaka 2018 haukuhitaji mitambo. Kila nchi ilichagua wiki moja, wahudumu wakaandika nani kapasuliwa na nini kilimpata hospitalini. Pengo lake ni lile linalotuhusu zaidi huku visiwani. Mtu wa Faza akiruhusiwa siku ya nne, hospitali humhesabu kuwa kapona. Kidonda kikifunguka siku ya tisa huenda zahanati ya karibu, au hubaki nyumbani akisafishwa kwa maji ya chumvi na mama yake, na thieta iliyompasua haipati habari. Mpaka leo daktari wa Amu au Malindi akiulizwa ni wangapi kati ya aliowapasua wa ngiri, mabusha au kidole tumbo walipata usaha ndani ya siku 30, hana pa kulitoa jibu, na asiyejua hesabu hiyo hawezi kujua kama kubadili glavu kumemsaidia yeyote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni simu ya siku ya 30 kwa kila aliyepasuliwa, na kwa asiye na simu, mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake apite nyumbani. Majibu yasomwe barazani kabla hayajapelekwa kwenye jarida lolote. Bajeti yake ni muda wa maongezi, nauli ya boti, na nesi mmoja aliyepewa kazi hiyo peke yake, bila kuongezewa juu ya zamu ya wodi.