Chora Unachokiona

Kumkosoa mchoraji chipukizi kunataka uso mkavu. Ukimsifu mno anavimba kichwa, ukimponda anatupa penseli na kwenda kusomea uhasibu. Uso mkavu ninao, au siku ile niliamini hivyo.

Kijana alileta mchoro wa babu mmoja, uhalisia mtupu, kila unywele wa nyusi mahali pake. Wenzake wakasogea kusikiliza. Sikuwafukuza, mwalimu gani anakataa hadhira?

Nikaanza na vivuli. Kijana alikuwa ameipata penseli ya 6B, na mtu mwenye 6B mpya humzuii. Ni laini, nyeusi tii, na ukiikandamiza inaacha unga juu ya karatasi. Nikapitisha kidole chini ya jicho la babu. "Hapa umepitiliza. Kivuli kinaanzia hapa," nikajigusa chini ya jicho, "kinafifia hapa." Nikarudi kwenye mchoro, kwenye mkunjo unaotoka puani kwenda mdomoni. "Na huu usiuchore kama mstari. Ni kivuli tu, kinashuka hivi." Nikajionyesha, shavu la kulia na la kushoto, maana sipendi kufundisha nusunusu. Juu ya mdomo nako nikagusa, upande mmoja, kueleza jinsi mdomo wa juu unavyopokea mwanga kidogo kuliko wa chini.

Mabinti wawili wakajifunika nyuso kwa madaftari. Somo limewaingia, nikawaza.

Tukaja kwenye vipimo. Babu wa watu macho yalikuwa yamepanda hadi jirani na nywele, kosa la karibu kila anayeanza: anaupenda uso, paji na fuvu anavionea. Nikamwambia macho hukaa katikati ya kichwa, nusu ya safari kutoka utosini hadi kidevuni. Nikajipima waone: kidole utosini, kidole kidevuni. Utosi wangu hauna nywele, kwa hiyo kipimo kilikuwa sahihi kabisa.

"Na la mwisho, kivuli hakisuguliwi kwa kidole! Kidole kina mafuta, kinachafua kazi." Nikakiinua kidole chenyewe juu ili wasisahau. Kilikuwa cheusi kama tako la chungu. Wote walikiona. Mimi nilikuwa nawatazama wao.

Nikampa zoezi: anichore mimi, hapo hapo, kwa kanuni moja tu. Chora unachokiona, usichore unachokijua. Nikakaa, kidevu juu, kama mtu anayesubiri kuwekwa kwenye noti. Darasa likatulia kwa namna ambayo halijawahi kunitulia.

Alipomaliza nikavaa miwani. Macho yalikuwa yameshuka mahali pake. Weupe wa jicho hakuuacha mweupe wa karatasi, aliutia kijivu kidogo, safi kabisa. Lakini chini ya macho palikuwa na mifuko ya mtu aliyekesha msibani, mashavuni mitaro miwili, na sharubu moja.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Mimi nina sharubu?"

"Upande mmoja tu, Mwalimu."

"Na tulisemaje kuhusu kupitiliza vivuli?"

Akatazama viatu vyake. "Mwalimu, ulisema nichore ninachokiona."

Binti mmoja, machozi yakimtoka, akaninyooshea simu, kamera imegeuziwa kwangu. Nikajitazama. Nikautazama mchoro. Nikajitazama tena, safari hii polepole, kikaguzi. Mifuko ipo. Mitaro ipo. Sharubu ipo, na urefu wake kaupatia. Nikainamisha kichwa, na hapo utosini, katikati ya upara, nikaona alama ya kidole, nyeusi, mistari yake yote inahesabika.

Kwenye mchoro haikuwepo.

"Na hii je?"

"Hiyo niliiona, Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Nikakustahi."

Nikamkata alama mbili.