Kabla hujashangilia dawa iliyoponya panya, uliza chumba kilikuwa na joto gani

Kila baada ya muda habari ya aina ileile huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Dawa mpya imeyeyusha saratani kwa panya. Mizizi ya mti fulani imeshusha sukari kwa panya. Kidonge kimeondoa kitambi, kwa panya. Watu huuliza itafika lini, bei gani, na daima hakosekani mmoja wa kusema shangazi yake anaijua dawa hiyo tangu zamani. Swali ninaloliona la kwanza silisikii: hao panya walikuwa wanalala kwenye chumba cha nyuzi joto ngapi?

Najua linasikika kama swali la mtu anayetafuta sababu ya kubisha. Lakini niliwahi kufanya kazi kwenye chumba cha wanyama wa majaribio, na kuna kitu kimoja ambacho ukishakiona hukisahau. Ukifungua kasha asubuhi, panya watano huwakuti watano. Unakuta bonge moja la manyoya kwenye pembe ya nyuma, mikia imejikunja ndani, maranda yamesukumwa kuwazunguka kama ukuta. Ukiwatenganisha ili uwapime uzito, ndani ya dakika chache wamesharudi kuwa bonge. Tulikuwa tunasema panya wanapenda kulaliana. Kweli wanapenda, ila pia wanasikia baridi.

Mwongozo wa Marekani wa kutunza wanyama wa maabara, ambao nchi nyingi zinaufuata, unataka chumba cha panya kiwe kati ya nyuzi 20 na 26. Maabara nyingi huweka 22 hivi. Hicho ni kiwango kinachomfaa mtu aliyevaa koti, glavu, kofia na barakoa anayeinua makasha mfululizo. Panya mdogo wa maabara, yule mweupe au mweusi mwenye gramu 20 hadi 30, mwili wake unatulia kwenye nyuzi kama 30. Chini ya hapo analazimika kuwasha moto ndani yake ili asipoe, kwa sababu mwili mdogo hupoteza joto haraka sana. Ni kama kumchukua mtu wa Tanga ukamhamishia Makete mwezi wa saba bila sweta, halafu ukaanza kumpima presha na kuandika kwamba hiyo ndiyo presha ya binadamu.

Na presha ni mfano mzuri. Kwenye nyuzi 22 moyo wa panya hudunda karibu mara 600 kwa dakika, na takwimu hiyo imo kwenye vitabu kama ndiyo ya kawaida. Ukimpeleka kwenye nyuzi 30, mapigo hushuka kwa theluthi moja au zaidi, na shinikizo la damu nalo linashuka. Moyo ni uleule, panya ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba neva za dharura, zile zinazomwaga noradrenalini mwilini mtu akishtuka, zimepumzika. Kwenye chumba cha baridi hazipumziki, kwa sababu ndizo zinazoamrisha mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega yachomwe yatoe joto. Sehemu kubwa ya chakula anachokula panya wa maabara, kati ya theluthi na nusu, inaishia kwenye kazi hiyo ya kujipasha joto.

Hapo ndipo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mafuta ya kahawia hutengeneza joto kwa kutumia protini inayoitwa UCP1. Mwaka 1997 watafiti walitengeneza panya wasio na jeni ya protini hiyo. Kila mtu alitarajia wanenepe, maana chombo chao cha kuchoma mafuta kimezimwa. Hawakunenepa. Walishindwa kuvumilia baridi kali, lakini uzito ulibaki wa kawaida, na wengi wakahitimisha kuwa UCP1 haina uzito wowote kwenye suala la unene. Miaka 12 baadaye, mwaka 2009, kundi la Barbara Cannon na Jan Nedergaard huko Stockholm lilirudia kwa panya wa aina hiyohiyo, safari hii kwenye chumba cha nyuzi 30. Wakanenepa, hata waliokuwa wanakula chakula cha kawaida. Kumbe kwenye chumba cha baridi walikuwa wanatumia njia nyingine za gharama kubwa kujipasha joto, na gharama hiyo ndiyo iliyokuwa inaficha unene wao. Hitimisho la miaka 12 lilikuwa sahihi kwa chumba kimoja tu.

Saratani nayo. Mwaka 2013 watafiti wa Roswell Park, hospitali ya saratani iliyoko Buffalo, New York, walichapisha utafiti ambao kwa maoni yangu ulipaswa kutikisa kila maabara. Waliwapandikiza panya uvimbe uleule, wengine wakawekwa kwenye nyuzi 22, wengine kwenye 30. Kwenye joto uvimbe ulikua polepole zaidi na haukusambaa sana. Walipotumia panya wasio na kinga ya mwili, tofauti ikatoweka, ikaonyesha kwamba baridi ilikuwa inaidhoofisha kinga. Na walipowapa panya nafasi ya kuchagua wakae wapi, wale wenye saratani walielekea kwenye joto zaidi kuliko wenzao wazima. Baadaye kundi hilohilo lilionyesha kuwa hata dawa za saratani zilifanya kazi vizuri zaidi kwenye joto, na kwamba ukizuia ujumbe wa noradrenalini kwa dawa kama propranololi, ambayo wagonjwa wengi wa presha wanaijua, unapata matokeo yanayofanana na ya chumba chenye joto.

Sasa fikiria dawa zote zilizojaribiwa kwa panya wanaotetemeka. Zipo zilizotupwa kwa sababu hazikusaidia, na pengine tatizo lilikuwa chumba. Zipo zilizoonekana za ajabu kwa sababu zilikuwa zinaondoa madhara ya baridi, madhara ambayo mgonjwa aliyelala wodini chini ya blanketi hana.

Ini lina habari yake. Ugonjwa wa ini lenye mafuta umekuwa mgumu kuutengeneza kwa panya jike. Unamlisha mafuta na sukari miezi, ini linabaki karibu safi. Kwa hiyo watafiti wengi walitumia madume, na majike wakaachwa nje ya picha. Mwaka 2017 watafiti wa Cincinnati waliwahamishia nyuzi 30 na majike nao wakaugua, ini likavimba na kuonyesha dalili zinazokaribia zile za binadamu. Yaani tulikuwa tunazungumzia tofauti ya jinsia, kumbe angalau sehemu yake ilikuwa ni tofauti ya baridi.

Halafu kuna utaratibu wa kawaida kabisa wa kuwanyima panya chakula usiku kucha kabla ya kupima sukari. Kwa binadamu ni kufunga tu. Kwa panya mwenye gramu 25 kwenye nyuzi 21, usiku mmoja bila chakula unaweza kumwingiza kwenye hali ya kuzimia nusu: joto la mwili linashuka chini ya nyuzi 31, moyo unapunguza mwendo, ini limeshamaliza akiba. Asubuhi fundi anachukua tone la damu mkiani na kuandika namba, na namba hiyo inaingia kwenye jedwali bila maelezo mengine.

Nimekaa sana kwenye joto kwa sababu ndilo ninalolijua kwa karibu, ila si peke yake. Mwaka 1967 Elliot Vesell aligundua kuwa panya waliolalia maranda ya mwerezi mwekundu walikuwa wanaamka mapema wakipewa dawa ya usingizi. Mvuke wa mbao uliamsha vimeng'enya vya ini, ini likawa linaivunja dawa kabla haijafanya kazi. Alipobadilisha maranda, usingizi ukarudi. Mwanga hafifu usiku, wa kiwango cha luksi 5 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), uliwanenepesha panya kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 2010 bila wao kula zaidi. Walikuwa wanakula saa zisizo zao. Amonia ya mikojo kwenye makasha yasiyobadilishwa kwa wakati huunguza njia ya hewa na kuwazidishia panya wa aina kubwa ugonjwa wa mapafu. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil huko Montreal lilionyesha kuwa harufu ya mwanamume chumbani, hata ya fulana aliyoivaa, inatosha kumshtua panya kiasi cha kupunguza maumivu anayoonyesha. Mtafiti wa kike angepata jibu jingine kwa panya walewale.

Na kuna sabuni. Mwezi wa nane mwaka 1998, Patricia Hunt alikuwa Cleveland akichunguza mayai ya uzazi ya panya. Panya wake wa kulinganishia, wale ambao hawakufanyiwa chochote, ghafla wakaanza kuwa na kromosomu zilizovurugika kwenye asilimia 40 ya mayai, wakati kawaida yake ni asilimia moja au mbili. Alitafuta kila mahali. Mwisho ikabainika kuwa makasha na chupa za maji za plastiki ya polikaboneti zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni kali ya sakafu badala ya sabuni ya makasha. Plastiki ikayeyuka kidogo na kuachia bisfenoli A, na kemikali hiyo ikaingia kwa panya. Hunt hakuyatupa matokeo akaanza upya kimyakimya. Alifuatilia, akachapisha mwaka 2003, na kazi yake ikawa miongoni mwa zilizochochea mjadala ulioifanya Ulaya mwaka 2011 kupiga marufuku chupa za watoto zenye kemikali hiyo. Wangapi wengine walipata mvurugiko kama huo wakasema "kundi hili limeharibika" na kuagiza panya wapya?

Wapo wasiokubaliana na suala la nyuzi 30, na hoja zao zina nguvu. John Speakman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Scotland, anasema binadamu naye haishi kwenye joto analostarehe nalo kikamilifu, sisi sote tunatumia nguvu kidogo kujipasha, kwa hiyo panya kwenye nyuzi 23 hadi 25, mwenye kiota na wenzake, yuko karibu zaidi na hali yetu kuliko panya wa nyuzi 30. Watu wa Stockholm hawakubali. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi naegemea upande wa Stockholm kwa tafiti za moyo na unene, lakini nakiri kuwa 30 ina shida zake: makasha yananuka haraka, ukizidisha nyuzi chache tu panya wanaumia, na wahudumu wanatokwa jasho ndani ya magauni. Kuna njia ya kati ambayo ni rahisi mno hata inashangaza haifuatwi kila mahali: mpe panya karatasi zilizochanwa, gramu 8 hadi 10 kwa kasha, atajijengea kiota chenye paa na kujitunzia joto mwenyewe.

Jambo hili linatuhusu huku kwetu kwa namna ya kuchekesha kidogo. Nimesikia watu wakisikitika kwamba chumba cha wanyama hakina kiyoyozi cha maana, umeme ukikatika joto linapanda, "hatufikii viwango". Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili, madirisha wazi, kiko kwenye nyuzi ambazo wenzetu wa Buffalo walilipia hita ili wazipate. Sisemi tuzime viyoyozi. Joto linalopanda mchana na kushuka usiku bila kuandikwa ni baya kuliko baridi iliyotulia, na mchana wa Dar unaweza kupita pale panapomfaa panya. Ninachosema ni kwamba kabla chuo hakijatumia mamilioni kukiteremsha chumba hadi 22 ili kifanane na cha Marekani, mtu aulize kwa nini 22. Na mwanafunzi anayejaribu dawa ya mitishamba ya sukari kwa panya, kazi inayofanyika sana kwenye vyuo vyetu, atundike kipimajoto cha kiwango cha juu na cha chini ukutani, asome kila asubuhi na aandike. Kipimajoto hicho ni bei ya chakula cha mchana. Bila hicho, yeye wa pwani na mwenzake wa nyanda za juu wanaweza kupima majani yaleyale, wapate majibu mawili, na kila mmoja adhani mwenzake kakosea.

Majarida nayo yana lawama. Mwongozo wa kuandika tafiti za wanyama unaojulikana kama ARRIVE ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2020, uligawanywa sehemu mbili: mambo 10 ya lazima, na mengine ya kupendekezwa. Idadi ya panya iko kwenye lazima. Hesabu za takwimu ziko kwenye lazima. Mazingira ya kuwatunza, yaani joto, mwanga, maranda, kasha, yakawekwa kwenye ya kupendekezwa. Nadhani walikosea kugawa, na sioni sababu ya kamati zetu za maadili kusubiri toleo jingine ndipo ziongeze mstari mmoja kwenye fomu.